Kuanza Upya Baada ya Mahusiano Mabaya: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Wanaotoka kwenye mahusiano mabaya huuliza maswali yale yale, karibu kwa maneno yale yale. Nisubiri muda gani kabla ya kuingia tena kwenye mahusiano? Nitajuaje kwamba huyu hatageuka kama yule? Nimweleze yaliyonipata au ninyamaze? Mbona nimepata mtu mwema na moyo haushtuki? Nimeamua kuyajibu kwa pamoja na kwa mpangilio, ili anayeanza ajue aanzie wapi.

Jambo moja nalisema mapema kwa sababu hatua zote zinaliegemea. Mtu humjui kwa utamu wake wakati anakutafuta. Unaanza kumjua siku unapomwambia "hapana", na siku unapomletea habari yako njema. Yule aliyekuumiza naye alikuwa mtamu mwanzoni, ndiyo maana ulimkubali. Hukuwa mjinga. Safari hii utaangalia mahali pengine.

Kabla ya yote: je, umeshatoka?

Mwongozo huu ni wa aliyekwisha kutoka. Kama bado unaishi na mtu anayekupiga, anayekutisha au anayekunyima ruhusa ya kwenda unakotaka, mpenzi mpya asubiri. Kwanza usalama wako. Kipindi cha kuondoka, na miezi inayofuata, mara nyingi ndicho chenye hatari kubwa kuliko vyote, kwa sababu ndipo anapohisi unamponyoka. Aliyewahi kukukaba koo mchukulie kuwa ni hatari kwa maisha yako, hata kama hakukuachia alama. Usimtangazie kwamba unaondoka. Panga na mtu unayemwamini, weka vitambulisho, vyeti na fedha mahali asipopafahamu, na zungumza na polisi, ustawi wa jamii au shirika linalohudumia waathirika wa ukatili kabla siku yenyewe haijafika. Kama amekulazimisha tendo la ndoa, fika hospitali haraka: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Haya yanawahusu wanawake na wanaume.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Mtu mmoja au wawili wanaokupenda na wasioogopa kukwambia ukweli. Kama mahusiano yaliyopita yalikutenga na ndugu na marafiki, anza kwa kuwarudia. Wengi watakupokea haraka kuliko unavyodhani.
- Daftari, au faili kwenye simu ambayo hakuna mwingine anayeweza kuifungua.
- Kipato, au angalau mpango wa kipato. Anayehitaji mpenzi ili apate pa kulala hana nafasi ya kuchagua.
- Majibu ya vipimo vya afya, yaani VVU na magonjwa mengine ya zinaa. Kipimo kinaweza kukosa maambukizi ya karibuni, kwa hiyo kirudie miezi 3 baada ya mara ya mwisho uliyojiweka hatarini.
- Mshauri nasaha, ikiwa unaota jinamizi, unaruka kila mlango unapogongwa, unakunywa pombe ili upate usingizi, au unafikiria kujidhuru. Hapa usisubiri kumaliza kusoma.

Sijaweka idadi ya miezi kwenye orodha hiyo, na sitaiweka. Wapo wanaohitaji nusu mwaka, wapo wanaohitaji miaka. Angalia mambo haya badala ya kalenda: unaweza kukaa peke yako siku nzima ya mapumziko bila kutafuta mtu wa kukuondolea upweke, unaweza kusimulia yaliyotokea bila kumtetea yeye wala kujitukana wewe, na ukisikia ana mtu mwingine, huachi kula. Ukishafika hapo, unaweza kuanza. Si lazima uwe umepona kabisa. Kuna majeraha ambayo humalizikia kupona ndani ya uhusiano mwema, na ni sawa.

Hatua ya 1: Funga njia zote za zamani

Badilisha nenosiri la barua pepe kwanza, kwa sababu kupitia hiyo mtu anaweza kufungua akaunti zako nyingine zote. Kisha benki, mitandao ya kijamii na simu yenyewe. Angalia kama simu yako bado inamwonyesha mahali ulipo, na kama akaunti zako zimeachwa wazi kwenye kifaa chake. Halafu mblok. Kama anakutisha kwa meseji, usizifute: zihifadhi, piga picha za skrini zenye tarehe, mtumie nakala mtu unayemwamini.

Mkiwa na watoto huwezi kumblok kabisa. Baki na njia moja tu ya mawasiliano, iwe ya maandishi, na mada iwe watoto peke yake: saa ya kuwachukua, ada, ugonjwa. Akianza kuuliza unatoka na nani, jibu sehemu inayohusu watoto na uache hiyo nyingine ikae pale pale bila jibu.

*Angalizo:* Kuchungulia kurasa zake "nione tu anaendeleaje" ni kumwachia mlango wazi. Kila ukichungulia, unajiumiza upya.

Hatua ya 2: Andika yaliyotokea kama yalivyotokea

Mwaka 1986 wanasaikolojia James Pennebaker na Sandra Beall waliwaambia wanafunzi waandike kwa dakika 15 kila jioni, kwa siku 4 mfululizo, kuhusu jambo lililowaumiza. Walioandika matukio pamoja na hisia zao walijisikia vibaya mara tu baada ya kuandika, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kumwona daktari mara chache zaidi kuliko wengine. Fanya hivyo hivyo. Ikiwa kumbukumbu zinakuzidi, unatetemeka au unahisi uko tena pale pale, acha kuandika na umalizie kazi hiyo mbele ya mshauri nasaha.

Ukimaliza, chora mistari miwili katikati ya ukurasa mpya upate safu tatu. Safu ya kwanza, andika alichofanya. Kiwe kitendo. "Alikuwa mbaya" haitakusaidia. "Alisoma meseji zangu nikiwa naoga" itakusaidia. Safu ya pili, andika mara ya kwanza ulipokiona kitendo hicho, au kidogo kinachofanana nacho. Safu ya tatu, andika ulijiambia nini ili usikijali. "Ana wivu kwa sababu ananipenda." "Amechoka na kazi." "Nikimzalia atatulia."

Safu hiyo ya tatu ndiyo mali yako. Dalili mpya zinaweza kuja na sura tofauti, lakini maneno unayojiliwaza nayo huwa hayabadiliki sana. Ukijisikia unayasema tena, simama.

Hatua ya 3: Jizoeze kusema "hapana" mahali pasipo na hatari

Aliyeishi na mtu wa hasira hujifunza kukubali kila kitu ili siku ipite. Tabia hiyo haiondoki kwa kuondoka kwa mtu. Kwa hiyo usisubiri mpenzi mpya ndipo ujaribu. Anza na rafiki, ndugu, mfanyakazi mwenzako. "Jumamosi sitaweza." "Hiyo siikopeshi." Sema bila kuongeza sababu tano. Mwanzoni moyo utakwenda mbio, kisha utaona kwamba hakuna kilichoanguka.

Wakati huo huo rudia vitu ulivyoviacha kwa sababu yake: mchezo, masomo, kuimba, nguo za rangi unayoipenda. Mtu mwenye maisha yake huona mapema anayetaka kuyapunguza.

Hatua ya 4: Andika unachotaka, kwa vitendo

"Nataka mtu mwaminifu, mcha Mungu, mwenye upendo." Kila mtu anataka hivyo, na yule wa zamani naye angejieleza hivyo hivyo. Geuza kila sifa iwe jambo linaloonekana kwa macho. Mwaminifu: akisema atapiga saa mbili, anapiga saa mbili, au anatoa taarifa. Anayenijali: nikiumwa anauliza nimeamkaje, na anakumbuka jana nilimwambia nini. Andika matano au sita tu. Chini yake andika yale ambayo hutayavumilia hata mara moja, na hayo yasiwe na mjadala: kupigwa, kutishwa, kulazimishwa kimwili, kunyang'anywa simu au fedha.

Hatua ya 5: Kutana na watu

Hapa sina mengi. Watu wanaopatikana kwa urahisi zaidi ni wale ambao wengine wanawafahamu: marafiki wa marafiki, waumini wenzako, wanafunzi wenzako, watu wa kikundi cha kujitolea. Faida yake ni kwamba unaweza kuuliza habari zake. Kama ni kwenye mtandao, mwone kwa simu ya video kabla ya kukutana, mkutane mahali penye watu mchana, nenda na urudi kwa usafiri wako, na mwambie rafiki uko wapi na utarudi saa ngapi. Anayeomba fedha kabla hamjaonana ni tapeli.

Usikutane na mtu mmoja ukaanza kumhesabu kuwa ndiye. Kutana, zungumza, rudi nyumbani, ujiulize swali moja: nikiwa naye nilikuwa mimi, au nilikuwa nachunga maneno yangu?

Hatua ya 6: Mwangalie katika mambo madogo

Hapa ndipo nakuomba usome polepole.

*Hapana ndogo.* Ndani ya wiki za mwanzo utakuwa na "hapana" za kweli: leo umechoka, mahali alipochagua hupapendi, hutaki kushikwa mkono mbele za watu. Zamani ungezimeza. Sasa ziseme, kisha tazama. Anayefaa atasema "sawa, pumzika", na kesho yake yuko vile vile. Asiyefaa atanuna siku mbili, au atasema "kumbe hunijali", au atakuja mlangoni kwako akidai anakushtukiza, au atakuletea zawadi kubwa ili ubadilishe jibu. Zawadi hiyo nayo ni kukataa hapana yako, ila kwa uso wa tabasamu. Usitosheke na mara moja. Mtu yeyote anaweza kujizuia mara moja. Angalia ya tatu na ya nne.

*Habari njema.* Tumezoea kupima mpenzi kwa namna anavyotufariji tukiwa na shida. Mwaka 2004 mtafiti Shelly Gable na wenzake walichapisha utafiti uliotazama upande wa pili: mwenzi wako anafanya nini mambo yakikunyookea? Waliokuwa na wenzi wanaofurahi nao kwa dhati na kutaka kusikia zaidi ndio walioridhika zaidi na mahusiano yao. Kwa hiyo mwambie umepandishwa cheo, umefaulu mtihani, umesifiwa. Je, anauliza "ilikuwaje, nisimulie"? Au anasema "hongera" akiwa anatazama simu? Au anatafuta kasoro: "Hutakuwa na muda na mimi tena"? Mtu anayeona kupanda kwako ni kushuka kwake atakuvuta mguu miaka yote.

*Mambo yakiharibika.* Mvua imewanyeshea, mhudumu amekosea oda, mtoto amemmwagia maji. Tazama hasira yake inaelekea wapi, na hasa kwa mtu asiyeweza kumjibu.

*Anavyowasimulia waliopita.* Akisema wote walikuwa vichaa na yeye hakukosea kitu, sikia vizuri. Siku moja nawe utakuwa kwenye simulizi hiyo.

*Watu wako.* Mkutanishe na wale wawili wa kwenye orodha. Waulize baadaye si "mnampenda?" bali "mimi nilikuwaje nikiwa naye?" Wao wanakumbuka ulivyonyauka safari ile.

*Angalizo:* Kumwagiwa mapenzi siku za mwanzo si ushahidi wa mapenzi. Meseji asubuhi hadi usiku wa manane, "sijawahi kupenda hivi", ndoa kutajwa wiki ya pili, kuudhika ukiwa na marafiki zako. Mwambie: "Nakufurahia, ila nataka twende taratibu." Anayekutaka wewe atapunguza mwendo.

Hatua ya 7: Simulia yaliyokupata kwa vipande

Huna deni la kumweleza mtu historia yako siku ya kwanza. Wala usiifiche moja kwa moja, kwa sababu kuna mambo yanayogusa maisha yenu ya pamoja: talaka ambayo haijakamilika, watoto, afya. Hayo ayajue kabla uhusiano haujafika mbali; ya afya ayajue kabla ya kukutana kimwili, na mpime wote wawili.

Mengine toa kipande kidogo kwanza: "Niliwahi kuwa na mtu wa hasira, kwa hiyo mtu akipaza sauti nashtuka." Ngoja wiki kadhaa. Kama amekumbuka na anashusha sauti, mpe kipande kingine. Kama amekitumia kukuchoma mkiwa mmekasirikiana, mfuko umeshafungwa, na uhusiano huo uufikirie upya.

Hatua ya 8: Usikimbie ugomvi wa kwanza

Utakuja, na utakuogopesha kuliko unavyostahili. Wengine hutengana siku hiyo hiyo kwa kudhani ule wa zamani umerudi. Kugombana ni kawaida, tazama namna. Anazungumzia jambo, au anakutukana wewe na wazazi wako? Anaweza kusema "hapo nimekosea" bila kuongeza "lakini wewe"? Wiki inayofuata kitendo kimebadilika, au ni maneno tu?

Mioyo ikienda mbio, ombeni mapumziko ya angalau dakika 20 na mtaje saa ya kurudi kuzungumza. Kununa kwa siku nne ni kitu kingine kabisa: hiyo ni adhabu.

Hatua ya 9: Chelewesha vifungo vizito

Kuhamia pamoja, kuchanganya fedha, mkopo wa pamoja, mimba, ndoa: kila kimoja kinaongeza gharama ya kuondoka. Usifunge kimoja kabla hujamwona akiwa na njaa, akiwa hana fedha, akiwa mgonjwa, akiwa amekataliwa. Nashauri mwaka mzima kama inawezekana, na hata mkiungana, baki na akaunti yako na nakala za vyeti vyako.

Mambo yakikwama

"Ni mwema lakini haniletei msisimko." Mwili uliozoea hofu na nafuu kwa zamu huona utulivu ni ubaridi. Mpe muda wa miezi michache, mfanye mambo mapya pamoja, kisha ujiulize kama unamkosa asipokuwepo. Kama bado hakuna kitu, mwachie kwa heshima. Wema peke yake haukulazimishi kumpenda.

"Akichelewa kujibu nachanganyikiwa, natamani kukagua simu yake." Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huo mshtuko si kosa lako. Kumpekua ndiko kutakuwa kosa lako. Andika kwenye daftari: huyu amefanya nini hasa, na nini nakikumbuka kwa yule? Kisha mwombe kitu kinachotekelezeka: "Ukijua utachelewa, nitumie neno moja." Hofu isipopungua ingawa yeye anatimiza, mshauri nasaha ndiye anayefuata.

"Yule wa zamani amerudi, analia, anasema amebadilika." Mwaka 1979 mwanasaikolojia Lenore Walker alieleza mzunguko alioukuta kwa wanawake waliopigwa: mvutano unajengeka, unalipuka, kisha vinafuata machozi, zawadi na ahadi, halafu mvutano tena. Machozi yanaweza kuwa ya kweli na bado yakawa sehemu ya mzunguko. Jiulize: ametaja alichofanya, kitendo kwa kitendo, mbele ya watu wengine? Ametafuta msaada bila sharti la wewe kurudi? Ulipomwambia asikutafute, alitii? Likikosekana hilo la mwisho, jibu umeshalipata.

"Huyu mpya ameonyesha dalili moja ya kwenye daftari langu." Ikiwa ni katika yale usiyoyavumilia hata mara moja, ondoka leo, na umwambie mtu kwamba umeondoka. Ikiwa ni dogo, kama kukukata maneno au kutoa utani unaouma, mwambie waziwazi mara moja kisha mwangalie. Ikirudi, usimweleze mara ya tatu. Alikuelewa ya kwanza.

"Watoto hawamtaki." Usimwingize nyumbani mapema, na usiwalazimishe kumwita baba au mama. Wakae naye muda mfupi, nje ya nyumba, wewe ukiwepo. Tofautisha mtoto anayenuna kwa sababu anakukosa na mtoto anayekataa kubaki naye peke yake. Huyu wa pili muulize taratibu, msikilize, na mtu huyo asibaki naye hadi ujue sababu.

"Nimefuata yote, bado sijapata mtu." Punguza kutafuta kwa mwezi mmoja, usiyapunguze masharti. Kisha rudi hatua ya 5 na ubadilishe mahali: kama umekuwa mtandaoni tu, jiunge na kikundi kinachokutana ana kwa ana kila wiki, na uende angalau miezi mitatu kwa ajili ya shughuli yenyewe. Waulize wale watu wako wawili kama kuna mtu wanayemfahamu. Wengi husita kukutambulisha kwa sababu wanadhani bado hutaki.